Picha ya Kapteni Salamu Iligeukia Ukuta

Asubuhi nilipofungua ukumbi wa chama cha marubani nilimkuta mjomba wangu ametupa kisogo sisi wote.

Si yeye mwenyewe, ni picha yake. Mwenyewe wakati huo alikuwa nyumbani anapaka nywele mafuta, kazi ambayo haikubali kuharakishwa. Ila picha yake, ile ya kofia na miwani ya jua, ilikuwa imegeuzwa inatazama ukuta kama mtoto aliyepewa adhabu.

Mimi ndiye mtunza ukumbi. Funguo ni zangu, chai ni yangu, viti navipanga mimi, na ni mimi ninayefuta vumbi kwenye picha za marubani waliotunukiwa, ambao wote wamepigwa wakitazama mbali kana kwamba wameona basi lao likiondoka. Kazi hii nilitafutiwa na mjomba, na hilo nakumbushwa kila nikikosea sukari.

Sasa, kugeuza picha pale ukumbini si mchezo. Chama kina nishani moja tu, inaitwa Bawa. Kabla mtu hajapewa Bawa, picha yake inatundikwa kwenye msumari wa pembeni mwa mlango, inakaa hapo wiki nzima. Mwanachama akiwa na pingamizi hapigi kelele wala haendi kwa mwenyekiti kunong'ona. Anaigeuza picha, basi. Lakini kuna sharti: siku ya kikao aliyegeuza asimame, amtazame mwenzake machoni, amwambie sababu. Asiposimama, picha inarudishwa na habari inaishia hapo. Na kwa kuwa marubani wanaogopa vitu viwili tu duniani, daktari wa macho na kuambiana ukweli, ukumbi ule ulikuwa haujawahi kuona mgongo wa picha.

Kwa hiyo nikasema ni upepo. Nikairudisha, nikachemsha chai.

Kesho yake nikaikuta imegeuka tena. Upepo gani huu unaowahi kazini kuliko mimi? Nikairudisha tena.

Inabidi niwaeleze mjomba ni mtu wa namna gani, maana bila hivyo mtadhani namsingizia. Anaitwa Kapteni Salamu. Jina hilo alilipata enzi zake za kurusha ndege ndogo za abiria, kwa sababu alikuwa hawezi kupita juu ya nyumba ya mtu anayemfahamu bila kumsalimia. Na kusalimia kwake si kupunga mkono. Alikuwa anashuka na ndege nzima, abiria ndani na tiketi zao mkononi, anapita juu ya paa la rafiki yake, mbuzi wanatawanyika, nguo zinaruka kambani, halafu anapanda tena na kutangaza kwenye kipaza sauti, "Samahani wapendwa, kulikuwa na jambo la kifamilia." Abiria mmoja mama mtu mzima alishuka uwanjani bado kamshika mkono mume wa mtu, na hakuna aliyekuwa na nguvu za kumlaumu.

Salamu iliyompa umaarufu ni ya mama mkwe. Siku hiyo alishuka kumsalimia mama mkwe wake aliyekuwa anaanika nguo, akashuka kupita kiasi, na ndege ilipotua uwanjani ilikuwa na nusu ya shuka imening'inia kwenye gurudumu. Shuka la maua. Nusu nyingine ilibaki kambani, na mama mkwe alibaki chini, kifudifudi, anataja majina ya watakatifu na ya mkwe wake kwa sauti moja.

Hiyo nusu ya shuka mpaka leo imetundikwa ukumbini ndani ya kioo. Nami naifuta vumbi.

Hadithi ya shuka kila mwanachama anaijua, na kila anayeisimulia anaimalizia kwa yowe. Kwa sababu, kwa jinsi mjomba alivyoisimulia tangu siku ya kwanza, ndege ilipokaribia paa rubani msaidizi aliyeketi pembeni yake alipiga yowe: "Mamaaaa!" Refu, jembamba, lenye kona katikati. Watu wote pale wanaliigiza. Mimi pia nalijua, na bila kujisifu, langu ni zuri.

Huyo rubani msaidizi, mwanamume mzima, tangu siku hiyo akaitwa Kapteni Mama. Hakuwahi kuitwa kingine. Alipolalamika ofisini kwamba mwenzake anahatarisha watu, wakubwa walicheka mpaka wakafuta machozi. Wakamwambia, "Pole, Mama." Akaacha kurusha abiria, akaenda kufundisha chuo cha urubani, na huko nako jina likamtangulia, likamkuta getini limekaa linamsubiri.

Jioni nilimpelekea mjomba habari ya picha. Alikuwa mbele ya kioo anajaribu suti aliyoshonesha kwa ajili ya sherehe.

"Mjomba, kuna mtu kakugeuza."

"Kanigeuza nini?"

"Picha yako. Jana na leo."

Nilitegemea alipuke. Huyu ni mtu aliyemnunia dada yake, yaani mama yangu, kwa sababu tu alisema koti linambana tumboni. Lakini alikohoa, akavuta tai, akasema kwa upole wa ajabu, "Atakuwa Kapteni Mama huyo. Kesho nenda chuoni kwake, mwambie asiogope. Aje kikaoni aseme. Mimi sitakasirika."

"Wewe? Hutakasirika?"

"Binti, nenda. Na umwambie aseme yote. Asifiche kitu."

"Mjomba, una homa?"

"Toka hapa."

Nikatoka. Mtu anayeomba asemwe mbele ya watu, tena yote, ama ameokoka ama ana lake jambo, na mjomba Jumapili hajaonekana popote zaidi ya kitandani.

Chuoni nilimkuta Kapteni Mama darasani, peke yake. Ni mtu mwembamba, shati limenyooka, kalamu mfukoni zimepangana kwa urefu. Mbele ya ubao alikuwa amepanga viti viwili sambamba, na kila kiti kimefungiwa mpini wa fagio mbele yake. Ndiyo ndege yake ya kufundishia wanaoanza. Nilikaa kiti cha kushoto bila kukaribishwa nikaanza kuendesha.

"Hicho ni kiti cha kapteni," akasema. "Na tayari umeangusha."

"Shikamoo, mwalimu. Nimetumwa na mjomba. Anasema kama una neno juu yake usiogope kuja kusema, kwa kuwa umegeuza picha."

"Marahaba. Sijageuza picha."

"Hujageuza?"

"Ningependa. Usiku nikikosa usingizi naigeuza kichwani. Lakini fikiria mwenyewe, mtoto. Nisimame mimi mbele ya watu wale, nifungue mdomo. Hata sijasema neno la pili, mmoja atapiga yowe huko nyuma. Utasema nini baada ya hapo?"

Nilitaka kucheka, nikacheka kidogo, nikaona yeye hacheki, nikaacha katikati, kitu ambacho kinaumiza mbavu.

Akakaa kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, akaweka mikono juu ya fagio lake taratibu. "Nina ombi moja la kumpelekea mwenyekiti wenu. Siku hiyo ya Bawa ndiyo siku binti yangu anavishwa mabawa yake ya urubani. Amefaulu, anaanza kazi. Atakuwa amekaa mstari wa mbele na sare mpya. Mpeni mjomba wako nishani, mpeni hata tano. Ila hadithi ya shuka isisimuliwe siku hiyo. Tayari chuoni wanamwita Mtoto wa Mama. Akianza kazi na jina hilo litamfuata kila uwanja atakaotua, kama lilivyonifuata mimi."

"Lakini mwalimu, hadithi yenyewe ndiyo sababu ya nishani. Mwenyekiti ameshaanza kuifanyia mazoezi."

"Najua."

"Kwani ulipiga yowe kweli?"

"Chumba kile cha marubani tulikuwa wawili. Mmoja alivuta usukani ndege ikapanda. Mwingine aliuachia usukani akafunika uso, akaita mama yake. Sasa mimi nimelelewa na bibi, binti. Mama sikumjua. Ningekuwa wa kuita mtu siku ile, ningemwita bibi."

Nikaliangalia fagio langu. Nililiachia.

Nilirudi ukumbini kichwa kinazunguka. Picha ilikuwa imegeuka tena, ukumbi ukiwa umefungwa na funguo niko nazo mimi. Mimi na mtu mwingine mmoja tu, aliyewahi kuwa mjumbe wa kamati na hakuwahi kurudisha za kwake. Nikaishusha, nikatoa kitambaa nifute kioo. Kwenye kona mbili za fremu, pale ambapo mtu hushika akitaka kugeuza, kulikuwa na alama za vidole, zenye mafuta. Nikanusa.

Mafuta yale ya nywele nayajua. Nyumba nzima tunayajua. Mto wa kochi unayajua.

Nilimkuta sebuleni, ametandaza magazeti, anapiga viatu rangi.

"Mjomba," nikasema, "aliyekugeuza nimempata."

"Ni nani?"

"Mtu mmoja mzee hivi, nywele zinang'aa mpaka inzi wanateleza."

Brashi ilisimama.

"Unajipinga mwenyewe?" nikauliza. "Si ungekataa tu nishani, yaishe?"

"Punguza sauti, mke wangu yuko jikoni." Akainama, akaanza kupiga rangi kiatu ambacho tayari kilikuwa kinang'aa. "Nilikwenda chuoni mwezi uliopita, kuwaombea vijana wa chama nafasi. Nikamwona binti yake. Msichana ametulia, anakagua ndege kabla ya kuruka, anapapasa kila kona kama mganga. Vijana wawili wakapita nyuma yake wakapiga lile yowe. Yowe langu, unaelewa? Hakugeuka hata shingo. Ameshazoea."

"Ukafanya nini?"

"Nilicheka. Nilidhani ndivyo nilivyotakiwa kufanya." Akatema mate kwenye kiatu. "Tangu siku hiyo silali vizuri. Nikasema nikigeuza picha, watamshuku yeye. Atabanwa, atasema. Akishasema, mimi nitasimama niseme kweli, nitampa mkono, kila mtu atapiga makofi."

"Yaani hata kuumbuka unataka uumbuke kwa makofi."

"Wewe mtoto una mdomo."

"Mjomba, mwenzio hatasema. Hajageuza picha, kwa hiyo hana cha kusimamia. Aliyegeuza ni wewe. Kwa sharti la chama, wewe ndiye wa kusimama umwambie Kapteni Salamu uso kwa uso."

"Nisimame niseme mimi ndiye niliyelia mama? Watanicheka!"

"Si wamemcheka mwenzio maisha yake yote? Kwani alikufa?"

Alipiga rangi kiatu kile kile mpaka mke wake akatoka jikoni akamnyang'anya brashi.

Siku ya kikao ukumbi ulijaa. Marubani wakikusanyika hawaongei, wanatangaza. Ilibidi nigawe chai kwa ishara. Kapteni Mama alikaa nyuma karibu na mlango, na binti yake pembeni, sare mpya, mgongo umenyooka kama rula. Binti alikaribishwa kama mwanachama mpya, na alipoingia nilisikia mtu mmoja akisafisha koo, tayari kwa yowe. Nikamkanyaga mguu nikiwa na birika la moto. Akaghairi.

Mwenyekiti, mtu wa kitambi na kicheko kikubwa, akanyoosha kidole ukutani. "Waheshimiwa, kwa mara ya kwanza tangu chama hiki kianze, picha imegeuzwa. Aliyeigeuza asimame."

Taratibu, kama alizeti zinavyofuata jua, vichwa vyote vikageuka nyuma kumtazama Kapteni Mama.

"Sio mimi," akasema.

"Usione haya, Mama," mwenyekiti akasema, na watu wakaanza kucheka kwa pua.

Binti yake alikuwa anatazama mbele. Nikaona mkono wake umeshika ukingo wa kiti.

Nilikuwa nyuma ya mjomba na birika langu. Alikuwa amejikunyata ndani ya suti yake mpya kana kwamba anataka kuiachia kiti na yeye kutoroka kupitia mguu wa suruali. Nikainama kumwongezea chai, nikamwambia sikioni, "Kikombe hiki kikijaa namwambia mwenyekiti anuse fremu." Nikaanza kumimina.

Kilipofika nusu akasimama.

"Nimeigeuza mimi," mjomba akasema.

Ukumbi uliangua kicheko. Mtu alipiga meza. Mwenyekiti alishika kitambi. "Huyu bwana! Huyu bwana atatuua!"

"Nasema kweli. Nina pingamizi dhidi ya Kapteni Salamu. Siku ya shuka, aliyepiga yowe si Kapteni Mama. Nilikuwa mimi."

Walicheka mpaka viti vikalia. Mmoja akasema, "Ongeza, mzee, ongeza!" Mwingine akapiga yowe lenyewe, refu, jembamba, na kona yake katikati, na wengine wakamwitikia. Mjomba akajaribu tena, na kila alivyokaza uso walizidi kufurahi, maana ndivyo alivyokuwa akifanya siku zote: kukaza uso ndio ilikuwa ladha ya mizaha yake. Alikuwa amewafundisha vizuri mno. Akageuka huku na huku, jasho limechanganyika na mafuta linateremka kwenye kola, akitafuta hata mtu mmoja asiyecheka. Alimpata. Alikuwa amekaa nyuma, sare mpya, ametulia, anamtazama kama anavyokagua ndege.

Mjomba akafumba macho. Akaweka mikono yote miwili usoni.

Akapiga yowe.

Halikuwa lile tunalolijua. Lile letu lilikuwa la mapambo. Hili lilikuwa fupi, nene, limekwama kooni, la mtu aliyeona bati linakuja usoni na akajua ni yeye aliyelifuata. "Mama!" Basi. Na lilikuwa sauti yake mwenyewe, kila mtu aliitambua, ile ile ya kipaza sauti.

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti alibaki na mdomo wazi kama mlango wa mizigo.

Kutoka nyuma Kapteni Mama akasema, si kwa nguvu, "Ndilo hilo."

Mjomba akashusha mikono. "Niliachia usukani nikafunika uso. Aliyevuta ni yeye. Ndege ile ilikuwa na watu waliolala, na waliendelea kulala kwa sababu yake. Tuliposhuka nilimwona amekaa kimya anatetemeka, nikaona niwahi kusimulia kabla hajasimulia yeye."

Hatimaye mwenyekiti akasema, "Sasa... nishani je?"

Hapo ndipo marubani waliporudi kuwa marubani.

"Apewe tu! Hajawahi kuangusha ndege hata moja."

"Hajaangusha kwa sababu mwenzake aliinua."

"Lakini amekitangaza chama. Nani asiyemjua Kapteni Salamu?"

"Kama ni hivyo mama mkwe naye apewe Bawa, kwa kulala chini upesi."

"Jina limeshachongwa kwenye nishani," mwenyekiti akalalama. "Halifutiki!"

Mkono ukanyooshwa nyuma. Ni binti.

"Samahani wazee wangu, mimi ni mgeni, naomba kuuliza tu. Naanza kazi wiki ijayo. Siku moja nikipita juu ya kwetu nina abiria, nikashuka mpaka kwenye paa nimsalimie baba, mtanitundika hapa ukutani au mtaninyang'anya leseni?"

Walitazamana. Mmoja akagundua chai yake imepoa, ikawa ndiyo habari kubwa.

"Watakunyang'anya," mjomba akajibu. "Na mimi nitakuwa wa kwanza kupiga simu."

Ndipo watu wakacheka, lakini kidogo, na cheko lenyewe lilikuwa jipya, halina mwenye kuonewa ndani yake. Mjomba akaenda ukutani, akajishusha kutoka kwenye msumari, akajiweka kwapani.

Mwenyekiti akamgeukia Kapteni Mama, akakohoa, akatafuta pa kuanzia. "Mwenzetu... chama kikufanyie nini?"

Kapteni Mama alisimama, akapanga kalamu zake. Nilidhani ataomba Bawa. Nilidhani atahutubia, na kwa kweli alistahili hotuba ya mpaka jioni. "Shuka lishushwe," akasema. Akakaa.

Nilipanda kiti nikalishusha mimi.

Siku ya sherehe hakukuwa na nishani. Kulikuwa na wanafunzi waliofaulu, na kila mmoja alivishwa mabawa na mtu aliyemchagua. Binti alimchagua baba yake, ambaye alikazana kuyanyoosha sawasawa mpaka akamchoma sindano, na msichana akasema "aah!" na watu wote tukajizuia kwa juhudi kubwa. Mwenyekiti alipomtangaza alisema "Kapteni..." akafunga breki, maana jina lake halisi halikumjia kabisa. Ikabaki hivyo hivyo. Siku hizi anaitwa Kapteni, basi, na ukisema hivyo pale ukumbini kila mtu anajua ni yupi.

Jina lililobaki wazi halikukaa wazi. Mjomba akipita getini walinzi wanamwita, "Kapteni Mama!" na yeye anaitika, "Naam!" kwa sauti nene, kifua mbele. Ameshaanza kulisimulia lilivyompata. Mimi namsahihisha akiongeza chumvi.

Siku moja aliniomba nimsindikize. Alikuwa na ile nusu ya shuka kwapani, imefuliwa, imepigwa pasi. Tulitembea kwa miguu mpaka nyumbani kwa mama mkwe wake. Njia nzima alikuwa anatazama juu, kwenye paa, kama mtu asiyeijua nyumba kwa upande huu. Mama mkwe tulimwona kwa mbali uani anaanika nguo. Alipomwona mkwe wake tu, akatazama kwanza mbinguni.

"Nenda," nikamwambia mjomba. "Msalimie."

Akarekebisha nywele, akasogea mpaka mlangoni, akasimama. Halafu, kwa mara ya kwanza katika ukwe wake wote, akabisha hodi.